Kikanda Kwenye Sahani ya Futari

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeitandaza ardhi na kuotesha ndani yake kila kitu kwa kipimo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.



Maneno haya niliyasema kwa mara ya kwanza baada ya swala ya Alasiri, Ramadhani iliyopita, watu wakisubiri jua lizame. Wahariri wameniomba niyaandike. Nimeyaongeza kidogo, kwa sababu siku ile adhana ya Magharibi ilinikuta nikiwa katikati, na hakuna mhubiri anayeweza kushindana na tende.

Kisa kilianza hivi. Dada zetu waliokuwa wakiandaa futari walileta uji, mikate ya kukaanga na sahani mbili za kikanda kilichokatwa vipande. Ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza, aliyetoka Kivu na hajapata kukiona, alivitazama vile vipande vya rangi ya kahawia, akaisogeza sahani pembeni. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ustadhi, hii ni soseji ya nyama gani? Aliyechinja ni Muislamu?" Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, halafu nikajuta, maana kijana alikuwa akifanya lile tunalofundishana kila wiki: kuuliza kabla ya kumeza.

Nikamwambia hakuna nyama. Ni viazi vidogo vya porini. Vinakaushwa, vinatwangwa, vinapikwa pamoja na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi mpaka vinashikana vikawa kama mkate mzito. Wenzetu wa ng'ambo ya Kasumbalesa wanakiita chikanda. Ni halali, kula. Hakuridhika. Akauliza: "Viazi vya mmea gani?" Hapo mezani palikuwa na watu zaidi ya ishirini, karibu wote wazaliwa wa Lubumbashi, tumekila tangu hatujajua kusoma. Hakuna aliyejibu.

Mimi jibu nilikuwa nalo, na nilinyamaza pamoja na wengine. Ninasoma kilimo, sina udhuru wa kutojua. Tena mama yangu anauza kikanda katika Soko la Kenya. Ada yangu ya miaka miwili ya mwanzo ilitoka ndani ya beseni lake. Nilichelea kwamba nikianza kusema, nitalazimika kusema yote. Basi leo nayasema.

Kile kiazi ni cha ua. Ni okidi za majani, zile zinazoota katika madambo yetu na katika nyanda za juu kama Kundelungu na Kibara. Wataalamu wanazigawa katika makundi ya Disa, Satyrium na Habenaria. Ukipita dambo mwezi wa kwanza au wa pili, mvua ikiwa imeshiba, utayaona: mengine ya rangi ya chungwa, mengine ya waridi, mengine meupe yenye ndimi ndefu kama nyuzi. Kila mmea una viazi viwili chini. Kimoja kimezeeka, kimemaliza chakula chake kulisha shina la mwaka huu. Cha pili ni kichanga, kinajazwa chakula kwa ajili ya mwaka ujao. Mchimbaji anakitaka hicho kichanga, kilicho kigumu na kizito. Akikichukua, mmea huo haurudi.

Utasema: zipo mbegu. Zipo, na kwa wingi wa kushangaza. Kifuko kimoja cha okidi kina maelfu ya mbegu, nyepesi kama vumbi, upepo unazichukua. Lakini mbegu hiyo haina chakula ndani yake. Punje ya mahindi inatoka na riziki yake mgongoni. Mbegu ya okidi inatoka mikono mitupu. Haioti mpaka iangukie mahali penye kuvu wa aina inayopatana naye, huyo kuvu ailishe chini ya ardhi, na baada ya hapo ipite miaka kadhaa kabla haijatoa ua la kwanza. Mwenyezi Mungu anasema katika Suratul Hijr kwamba ameotesha ardhini kila kitu kwa mizani. Mimi aya hiyo nilikuwa nikiisoma bila kuielewa mpaka nilipoona chini ya darubini uzi wa kuvu umeingia ndani ya mzizi wa okidi.

Na balaa jingine ni hili. Mchimbaji anaujua mmea kwa ua lake. Likichanua tu, limejitangaza. Linang'olewa kabla mbegu hazijakomaa. Uzuri wake ndio unaolisaliti.

Sasa hesabu. Ndugu zetu wa Tanzania wana uwanda unaoitwa Kitulo, katika nyanda za juu za kusini, mahali wenyeji wanapopaita Bustani ya Mungu. Kuna aina 45 hivi za okidi peke yake. Mwaka 2005 uwanda huo ulifanywa hifadhi ya taifa, kilomita za mraba 413 hivi. Hifadhi ya taifa kwa ajili ya maua, si kwa ajili ya tembo! Sababu mojawapo ilikuwa biashara hii hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi vya okidi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikiliwa kila mwaka kutokana na biashara iliyokuwa ikitoka nyanda hizo kwenda Zambia. Na kwa nini Zambia walikuwa wanachimba Tanzania? Kwa sababu mabonde yao ya karibu yalikuwa yameanza kukauka maua. Gunia lilifuata barabara. Kwetu hapa sina takwimu za kuwapa, ninao ushahidi wa vidole vya mama yangu. Nilimuuliza viazi vya zamani vilikuwa na ukubwa gani, akanionyesha kidole gumba chote. Nikamuuliza vya sasa, akanionyesha ukucha. Akaongeza kuwa wanaomletea siku hizi wanalala njiani usiku mmoja, zamani walikuwa wanatoka asubuhi na kurudi adhuhuri.

Nilipofika hapa siku ile, mzee mmoja anayeswali nasi alisema: "Mwanangu, Mungu ndiye anayeotesha. Yeye atajua." Ni neno la imani, nami namheshimu aliyelisema. Lakini sote tunaijua habari ya bedui aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache na amtegemee Mwenyezi Mungu, naye akaamrishwa amfunge kwanza kisha ategemee. Anayeotesha ndiye yule yule aliyeweka utaratibu wa kuota: kiazi cha mwaka ujao, mbegu, kuvu, miaka. Kung'oa utaratibu huo kisha kusema Mungu atajua ni kumfungua ngamia aliyefungwa na mwingine, halafu kukaa kitako kumngojea.

Katika Suratul An'am tunaruhusiwa kula matunda ya ardhi yanapozaa, tunaamrishwa kutoa haki yake siku ya kuvuna, na papo hapo tunakatazwa israfu. Ruhusa, haki na mpaka vimekuja katika aya moja. Sisi ruhusa tunaijua sana. Kuhusu haki ya siku ya mavuno wanazuoni wamezungumza zaka na sadaka, na hayo ndiyo ya msingi. Ila mimi ninapokuwa kwenye dambo siachi kujiuliza: shimo lililoachwa wazi, kiazi kichanga kilichochukuliwa kabla ua halijazaa, mpaka wa israfu uko wapi hapo?

Basi tufanye nini? Wengi wetu jibu la haraka ni moja: piga marufuku, zungushia waya, usiguse. Nataka kusimama hapa kidogo, kwa sababu jibu hilo lina makosa mawili, moja la elimu ya mimea na moja la haki za watu.

La kwanza. Dambo na nyanda za majani haziishi kwa kuachwa tu. Huko Ndola, jirani zetu kabisa, tangu miaka ya 1930 kulikuwa na viwanja vya majaribio ya moto. Kiwanja kimoja kiliachwa bila kuguswa na moto, kingine kilichomwa mapema kiangazi kinapoanza, cha tatu kilichomwa mwishoni mwa kiangazi nyasi zikiwa zimekauka kama karatasi. Kile kilichozuiwa moto kilijaa vichaka na miti ya kivuli kizito. Kile cha moto wa mwisho kilipoteza miti yake, kikabaki nyasi. Cha moto wa mapema kilibaki msitu wenye nafasi. Okidi za majani zinataka jua. Ukiweka uzio na ukazima kila moto kwa miaka mingi, nyasi zinalala juu ya nyasi, vichaka vinaingia, na ua unalolilinda linakosa mwanga ndani ya ulinzi wako. Lakini moto wa mwezi wa kumi nao ni adui: unakuja na joto kali, wakati ambao machipukizi mengine yameshaanza kutoa vichwa. Moto mwepesi wa mwezi wa tano au wa sita, unyevu ungali shinani, unapita juu huku viazi vimelala salama chini ya udongo. Moto ni ule ule. Kinachotofautisha ni mwezi.

Wazee wetu wengi walijua hili. Walichoma kwa zamu, kipande leo, kipande mwakani. Siku hizi anayechoma ni mwindaji wa panya au mchoma makaa, kila mmoja kwa wakati wake, na hakuna anayemuuliza mwenzake.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na hapa dini yetu ina la kusema kwa uwazi kuliko nilivyotarajia nilipoanza kutafuta. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa na desturi ya hima, yaani malisho yaliyozuiwa. Wanazuoni wanaeleza kwamba mkubwa wa kabila akifika mahali penye majani mazuri alimweka mbwa juu ya kilima akabweka, na mpaka sauti ilipoishia pakawa pake peke yake. Mifugo yake ilikula humo, na nje ya hapo ilikula pamoja na ya wengine. Uislamu ukaifuta hima ya namna hiyo. Mtume (s.a.w.) alibainisha kwamba hakuna hima ila kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, yaani kwa maslahi ya umma, na imepokewa kwamba aliihifadhi Naqii, karibu na Madina, kwa ajili ya farasi. Kuzuia hakukufutwa. Kilichofutwa ni mbwa wa tajiri.

Kisha akaja Sayyidna Umar (r.a.), naye akaweka hima yake. Alimteua mtumishi wake aliyeitwa Hunayy kuisimamia, na maagizo aliyompa yamepokewa na Imam Bukhari. Nendeni mkayasome yote. Mimi nitayaeleza kwa maneno yangu. Alimwambia awe mpole kwa Waislamu na aogope dua ya aliyedhulumiwa. Alimwambia amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache. Na alimwonya asithubutu kuingiza mifugo ya Abdurrahman bin Awf wala ya Uthman bin Affan. Mnawajua hao ni nani: masahaba wakubwa, katika wale waliobashiriwa pepo. Sababu aliyoitoa haikuwa dosari katika dini yao. Alisema hao mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia. Lakini yule mwenye wachache, wakimfia, atakuja kwake na watoto wake wakilia, na hapo itambidi awape dhahabu na fedha. Maji na majani ni rahisi kwake kuliko dhahabu na fedha. Na akakiri kwamba watu wa pale wataona amewadhulumu, kwa kuwa ni ardhi yao, waliipigania zama za ujahili na wakasilimu wakiwa juu yake.

Nimeirudia habari hii mara nyingi. Kiongozi analinda majani, anajua kwa nini, anajua nani aingie na nani azuiwe, na hajifichi kwamba ulinzi wake una gharama kwa wenyeji. Mara ngapi sisi tumeona kinyume chake? Mwanamke mwenye kikapu anakamatwa, na lori la magunia linavuka mpaka usiku. Okidi zote zimo katika orodha za mkataba wa CITES. Kuzivusha kutoka nchi moja kwenda nyingine kunataka kibali. Magunia yale hayana kibali. Hunayy angejua ni nani wa kumsimamisha.

Kwa hiyo sikumwambia yule ndugu wa Kivu kwamba kikanda ni haramu, na leo pia sisemi. Kuharamisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu ni jambo zito, na si kazi ya mwanafunzi wa kilimo. Ninachosema ni kwamba tukifika sokoni tuulize, kama alivyouliza yeye. Viazi vimetoka wapi? Vina ukubwa gani? Vidogo kama ukucha viachwe, maana mnunuzi akivikataa mchimbaji ataacha kuvileta. Na wanaoagiza magunia kwa ajili ya harusi na maulidi, ambao ninawajua na wananijua, wapunguze. Kikanda kilikuwa chakula cha pembeni. Sisi wa mjini ndio tuliokifanya cha kila sherehe.

Hilo la mnunuzi. La dambo lenyewe ni refu zaidi, na tumeanza mahali padogo. Kuna kijiji kimoja nje ya mji ambako tumekuwa tukienda kufundisha watoto Qur'ani. Tulimwendea mfumu wa kijiji na wanawake wanaochimba, tukakaa nao mara tatu. Mara ya kwanza walidhani tumetumwa na serikali. Mara ya pili mama mmoja alituambia tukitaka aache kuchimba tumletee unga, na hatukuwa na unga, tukarudi kimya. Mara ya tatu wao wenyewe walisema wanachotaka: watu wa magunia wanaokuja na pikipiki wazuiwe, na wenyeji wa pale waendelee kuchimba, lakini si dambo lote. Wamekubaliana kuligawa mara tatu. Sehemu ya juu imefungwa kwa mvua tatu. Katika zilizo wazi mchimbaji anauacha mmea mmoja kati ya kila mitatu mpaka kifuko kipasuke, na analifukia shimo lake, ili mbegu zipate udongo na kuvu asikauke juani. Nani aliyewafundisha mambo ya Hunayy? Hakuna. Niliwasomea baada ya wao kukubaliana, na mfumu, ambaye si Muislamu, alicheka sana aliposikia habari ya mbwa.

Je, itafaa? Kwa mvua moja huwezi kujua. Mwezi wa pili tulihesabu mashina yenye maua katika sehemu iliyofungwa, tukapata 61. Tumepigilia vijiti ili mwakani tuhesabu pale pale. Miti ya pembeni imeshaanza kulikaribia dambo, na bila moto wa mapema tutakuwa tumefunga mlango tukasahau dirisha. Wanafunzi wenzangu wa kilimo wamesema watafika kusaidia. Na ninyi wa sheria, wa udaktari, wa uchumi: Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anachokula ndege au mnyama kutokana na alichopanda Muislamu ni sadaka kwake. Hapa hatupandi. Tunaacha kilichopandwa kiendelee, na malipo yako kwa aliyekipanda.

Mnaweza kuuliza mama yangu alisemaje. Nilimsomea maandishi haya kabla ya kuyapeleka, kwa kuwa jina lake limo hata kama halikuandikwa. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua karanga. Akasema sehemu ya ukucha ni kweli. Akasema pia kwamba niliyeshiba naona maua, na kwamba kama ada yangu ingengoja mvua tatu ningekuwa bado kijijini. Sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina. Wiki iliyofuata alipunguza kikanda katika beseni lake, nusu ikawa mikate ya kukaanga. Faida ya mikate ni ndogo, ananikumbusha kila Jumamosi, nami tangu siku hiyo ninampelekea sehemu ya ninachopata kwa kufundisha hesabu jioni.

Moto wa mapema tutauwasha Inshaallah wiki ya pili ya mwezi wa sita, asubuhi, umande ukianza kukauka na upepo ukiwa haujaamka. Tunahitaji watu thelathini, matawi mabichi ya kupigia moto, madumu ya maji na viatu vilivyofunika kidole. Gari litaondoka mlangoni mwa msikiti wa chuo baada ya Alfajiri. Ndugu wa Kivu ameshajiandikisha, ni wa kwanza katika orodha.

Wabillahi tawfiq.